Kinanda Bubu

Ihsan hakuwahi kuteremsha kikapu chake kwa kamba kutoka kibarazani kwake, ghorofa ya nne, bila kukuta watoto wa kichochoro wameshajipanga chini. Kikapu kikianza kushuka, wao hao, makofi na nyimbo: "Mteremsheni! Mteremsheni!" Muuza mboga naye, mtu mzima na masharubu yake, alitia nyanya kikapuni huku ameuma midomo asicheke.

"Cheka tu, baba, usije ukapasuka!" Ihsan akamfokea kutoka juu. "Na ukinitilia zilizopondeka, nitakurudishia usoni moja moja!"

Ndani, mumewe, Usta Bayumi, kama wanavyoitwa mafundi wa muziki, alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Alisikia. Nyumba za mtaa wetu wa Imbaba zimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia Mungu akurehemu. Angekosaje kusikia? Alivuta shuka mpaka sikioni akabaki vilevile, na chai aliyopelekewa asubuhi ilikuwa bado pale kwenye kigoda, imeshafanya utando.

Neno lile halikuwa la watoto. Lilikuwa la Shalabi, kiongozi wa bendi ya harusi ambayo Bayumi aliipigia kinanda tangu Shalabi hana hata suti ya kuazima. Katika harusi moja ya mtaa wa nyuma, kidole cha mkono wa kulia kilimtetemeka Bayumi, akaingia kwenye wimbo kwa kuchelewa mpigo mmoja. Mpigo mmoja tu, jamani! Shalabi akasimamisha ngoma, akashika kipaza sauti, akawageukia wageni.

"Samahanini sana, watu wangu! Mzee wetu vidole vimelala. Mimi Shalabi sibebi maiti jukwaani! Mteremsheni! Mteremsheni, nileteeni mwenye uhai!"

Watu wakacheka. Wacheke, harusi ni harusi, na mtu aliyeshiba anacheka chochote. Lakini hapakosi mshenzi mmoja na simu yake. Kabla mzee hajafika nyumbani, video ilikuwa imeshamtangulia. Ikaingia mikahawani, ikaingia kwa vinyozi, ikaingia kwenye simu za wapwa zake. Kesho yake mnunuzi wa vitu chakavu alipopita na mkokoteni wake akipiga kelele, Bayumi alimwita juu, akamuuzia kinanda chake kikubwa kwa bei ya redio mbovu. Hakutaka kukiona tena. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha mlango wake, si kwa sala, si kwa kinyozi.

Binti yao Rihab alikuwa akiuza makasha ya simu katika kibanda karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Kutwa alisikia wateja wakiichezesha video ile mbele yake, akawafungia makasha yao, akawarudishia chenji, akasema karibuni tena. Usiombe uwe na hasira na huku unatakiwa kusema karibuni tena. Akirudi nyumbani, alimkuta baba yake na ule ukuta.

"Mama, nipe zile pesa za kinanda," alisema jioni moja.

Ihsan alikuwa anachambua dengu. "Zile za kutengeneza friji? Maziwa yanaganda kama jibini, wewe unataka pesa?"

"Nataka kumnunulia baba kinanda kidogo. Cha kuchomeka kwenye kompyuta yangu. Apige humu humu ndani, asionwe na mtu."

"Na watu?"

"Watu nitajua la kuwafanya."

Ihsan akainua macho. Alimwona binti yake alivyokaza taya, akajua hapo hapana mjadala. Akafungua kopo, akachomoa noti zilizokunjwa, nusu yake zinanuka bizari.

"Ongezea na zako," akasema. "Na usinunue upuuzi."

*

Katika mtaa wa Muhammad Ali maduka ya ala za muziki yamepangana, na wauzaji wana jicho la kumjua mwenye pesa kabla hajafungua mkoba. Yule wa duka aliloingia Rihab aliitwa Tamir, kijana mwenye nywele zilizong'aa kwa mafuta. Alimtazama viatu kwanza.

"Vinanda vya watoto viko duka la tatu, dada. Vina taa na vinaimba kama paka."

"Sijataka cha watoto. Nataka cha midi, cha kuchomeka kwenye kompyuta."

"Ahaa! Cha nani? Mchumba?"

"Cha mtu anayejua kupiga kuliko wote waliowahi kuingia humu. Nionyeshe."

Tamir akacheka, lakini akasogea. Akamwonyesha kwanza kimoja kipana, vibao vyake vizito kama vya piano ya hotelini. Rihab akabonyeza kwa kidole kimoja, akakiona kinavyodai nguvu. Kidole chenye kutetemeka kingefia pale. Akatikisa kichwa. Cha pili kilikuwa na swichi za robo sauti juu ya vibao, zile sauti zinazokaa kati ya kibao na kibao, za kupigia nyimbo zetu zenyewe bila kubabaisha. Moyo ukamruka. Akauliza bei, moyo ukarudi ulipotoka.

"Kwa hiyo pesa yako," Tamir akasema, na wateja wawili mlangoni wakageuka kusikiliza, "hapa utapata waya na baraka zangu."

"Baraka zako kaa nazo. Kile kidogo pale?"

Kilikuwa kifupi kama sinia la biskuti. Vibao vyake vilikuwa laini, hata pumzi ingevishusha. Pembeni kilikuwa na kigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti, na juu yake vibonyezo vinane vya mpira.

"Hiki kimetumika lakini kizima. Ujue tu, chenyewe hakina sauti ndani yake. Ni bubu. Sauti zote ziko kwenye kompyuta, hiki kazi yake ni kuamuru."

"Robo sauti?"

"Utaitafuta kwa kigurudumu, kwa mkono wako. Ukikosea, shauri yako. Lakini tazama utamu wake hapa kwenye vibonyezo. Unaweza kutia sauti yoyote. Nimetia hii inayotamba mjini."

Akagonga cha kwanza. "Mteremsheni!" Akagonga cha pili. "Maiti!" Wale wawili wa mlangoni wakaangua kicheko. Tamir akanogewa, akagonga kwa vidole viwili kama mpiga ngoma ya tabla: "Mteremsheni, teremsheni, maiti, maiti, mteremsheni!"

Rihab alihisi masikio yakimwaka moto. Alitaka kukivunjia kinanda kile kichwani mwa yule kijana, nywele zake na mafuta yake yote. Kisha macho yake yakatua kwenye kile kidole kinachogonga. Shalabi alikuwa akisema anachoambiwa. Kidole kikipanda, ananyamaza.

"Hebu," akasema polepole. "Na nikitaka aseme kwa mpangilio mwingine? Lake la mwisho liwe la kwanza?"

"Kata upendavyo. Akishaingia humu, dada yangu, hana mdomo wake tena."

"Nifungie."

Walivutana bei mpaka Tamir akaapa kwa macho ya mama yake, na Rihab akaapa kwa macho ya wake. Alitoka mfukoni hana nauli. Alivuka daraja la Nile kwa miguu, kisanduku amekikumbatia, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake, tabasamu ambalo mama yake angeliona angemsomea dua.

*

"Mbona hakilii?" Ihsan aliuliza. Alikuwa amebonyeza vibao vyote kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayejaribu matikiti sokoni. "Rihab! Mbona hakilii?"

"Mama, mpaka niwashe kompyuta."

"Umenunua bubu! Pesa za friji umenunulia bubu! Ya Rabbi, baba kauza mwenye sauti, binti kaleta bubu, nyumba ya wenye akili hii!"

Kelele zilimfanya Bayumi atoke chumbani, mara ya kwanza baada ya siku nyingi kutoka bila kuitwa. Alikuwa na ndevu za mvi zisizonyolewa. Alikitazama kile kinanda kidogo mezani, akanyoosha kidole, akabonyeza kibao kimoja cheupe. Kimya.

"Hata hiki kinaninyamazia," akasema, akarudi ukutani kwake.

Ihsan akaziba mdomo kwa mkono. Rihab aliwasha ile kompyuta yake kuukuu, akachomeka waya, akavaa visikilizi, akaanza kazi. Sauti ya Shalabi aliitoa kwenye ile video, akaitia masikioni mwake peke yake. Akaikata vipande, Shalabi huku, maiti kule, akavipanga kwenye vibonyezo. Kila jioni alipotoka kibandani alimkata tena. Chakula kilipoa. Ihsan alimwona akigonga vibonyezo huku ameuma meno, akamwambia unakonda, Rihab akajibu yuko anayenenepa sasa atakayekonda baadaye.

Ulibaki wimbo wenyewe. Aliutaka uwe ule ule, ule ambao baba yake alichelewa kuuingia, na huo aliuacha usikike chumba kizima. Alikuwa ameujua tangu akibebwa mapajani. Lakini sauti ya pili ya maqam ya Bayati, ule mpangilio wa sauti wa wimbo huo, haiko kwenye vibao vyeupe wala vyeusi, iko katikati yake, na kigurudumu kilimpeleka juu, kikamrudisha chini, kikamfanya mjinga.

"Imepanda," ikasema sauti kutoka chumbani.

Rihab akaganda. Akajaribu tena.

"Bado imepanda. Shusha. Shusha, binti, kinalia kama mtu aliyekanyagwa mguu. Sasa umezidisha! Rudi. Kidogo. Kidogo nimesema! Hapo... hapana."

Kitanda kikalia. Bayumi akatoka na fulana yake ya ndani, akamsukuma binti yake kwa nyonga kama alivyokuwa akiwasukuma wapiga tabla jukwaani. Mkono wa kushoto akauweka kwenye kigurudumu, wa kulia kwenye vibao. Vibao vikaitika. Vilikuwa vyepesi, havikumdai nguvu asiyokuwa nayo. Kidole kilipotetemeka, sauti nayo ikatetemeka, na ikawa kama mtu anayejizuia kulia. Ihsan alisimama mlangoni na mwiko mkononi hadi mchuzi ukashika chini.

"Imeharibika hapo mwisho," Bayumi akasema. "Mkono. Futa."

"Sifuti."

"Rihab, nimesema futa."

"Baba, hapo ndipo penyewe."

Akamgeukia binti yake. "Unataka kuufanyia nini?"

"Ukiujua utanikataza."

Mzee akavuta kiti, akasema tuurudie mwanzo, safari hii usinigusie kigurudumu.

*

Haji Gharib, mwenye bucha kubwa ya mtaa, alimwoza mwanawe wa mwisho, na bendi ilikuwa ya Shalabi. Kichochoro kizima kilifungwa kwa mahema ya rangi na taa za kamba, jukwaa likawekwa chini ya vibaraza. Bayumi aliagiza madirisha yafungwe. Rihab alivaa gauni lake jekundu, akatia flashi yenye ule wimbo kwenye mkoba pamoja na mshahara wake wote uliobaki, akashuka.

Harusi zetu zina kanuni moja ambayo hata mwizi anaiheshimu. Anayemtunza mwimbaji ana haki ya salamu na ya wimbo. Ukishapokea pesa yake mbele ya watu umeshaingia mkatabani, huwezi kurudisha, na anayerudisha amewatukana wenye harusi. Bendi nyingine huwa na mtu wa kupokea na kutangaza. Shalabi, kwa uchoyo wake, alikuwa anapokea mwenyewe.

Rihab akapanda ngazi, noti amezipanga kama kipepeo ili kila mtu azione. Wanawake wakapiga vigelegele. Shalabi alimtambua, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akainama mbali na kipaza sauti.

"Binti Bayumi! Baba kakutuma uombe radhi?"

"Nimekuja kukutunza, Ami Shalabi. Au pesa zetu nazo ni maiti?"

"Pesa haina kabila," akasema, akazikwapua, zikaingia mfukoni mwa koti. "Haya, nini?"

"Salamu kwa baba yangu. Kamili, kama zinavyotolewa kwa bwana. Kisha mwenye mitambo apige wimbo ulio humu, mpaka mwisho."

Shalabi akauma meno, lakini pesa ilishazama na watu walishaiona. Akainua kipaza sauti. "Salamu! Salamu kwa Usta Bayumi, bwana wa vinanda vyote vya Imbaba, na kwa jamaa zake, na kwa kibaraza chake!" Alizitoa haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa. Flashi ikachomekwa.

Kwanza ikatoka tabla, nzito, ya kuinua vumbi. Vijana wakaruka katikati. Kisha kinanda kikaingia, kile cha Bayumi chenye kutetemeka, na wazee waliokuwa wakivuta shisha wakageuza shingo. Ndipo ikaja sauti ya Shalabi: "Mteremsheni!" Umati ukapiga kelele za furaha. Shalabi mwenyewe akanyoosha mikono, akajipiga kifua. Alidhani amefanywa nyota! Akawaonyesha watu kwa vidole, kwamba huyo ni mimi, huyo ni mimi.

"Mimi Shalabi," spika zikasema kwa sauti yake. "Mimi Shalabi maiti. Maiti jukwaani. Samahanini sana, watu wangu. Shalabi maiti. Mteremsheni! Shalabi, mteremsheni!"

Mikono ilibaki hewani. Uso ukamshuka. Watu walichelewa kidogo kuelewa, kisha wakaelewa wote kwa pamoja, na kicheko kilichotoka pale sijui kama Imbaba imewahi kukisikia. Mbaya zaidi, wimbo ulikuwa mtamu. Mabibi wenye magoti mabovu waliucheza. Watoto walewale wa kikapu, ambao neno walilijua kwa moyo, walijazana mbele ya jukwaa wakaliimba kuliko spika: mteremsheni, mteremsheni!

"Zima!" Shalabi akamfokea mwenye mitambo. "Zima, mwana wa haramu!"

"Asizime!" Haji Gharib aliinuka, tumbo linamtikisika, machozi ya kicheko yanamchuruzika. "Umetunzwa, umepokea, wimbo utafika mwisho. Nani huyo anayesema mteremsheni? Si wewe? Basi wewe mwenyewe umeamuru. Vijana!"

Vijana wa bucha hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walimwingiza mikono kwapani, mmoja huku mmoja huku, kama wanavyomshusha kondoo garini, wakamweka chini na suti yake. Simu zilikuwa juu kila mahali. Rihab alisimama pale pale jukwaani na gauni lake jekundu hadi sauti ya mwisho, hakucheka hata kidogo, alikuwa anatazama juu. Dirisha lao la ghorofa ya nne lilikuwa wazi.

*

Shalabi alikuja nyumbani kwa Bayumi Ijumaa moja, baada ya sala, na sanduku la keki za basbusa lililofungwa utepe. Alimleta Haji Gharib awe msuluhishi. Alikuwa amepungua. Harusi zake zilikuwa zimeanza kufutwa, kila bwana harusi aliogopa wimbo ule usije ukaibuka katikati ya shughuli.

Bayumi alikuwa amenyolewa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliwakaribisha vizuri. Ihsan akaleta chai, akaiweka mbele ya mgeni kwa heshima zote, ila sukari hakumuuliza.

"Sinywi," Shalabi akasema, mkono kifuani, kama desturi ya mwenye haja. "Sigusi chai ya nyumba hii mpaka mniahidi."

"Chai itapoa," Bayumi akasema.

"Usta, wimbo ufutwe. Binti aufute, atoe kauli kwamba ilikuwa mzaha. Mama yangu mzee anaimbiwa na watoto akienda kununua mkate. Mama yangu, Bayumi!"

"Na mke wangu akiteremsha kikapu."

"Nilikosa. Nasema mbele ya Haji, nilikosa."

"Umesikia, Bayumi," Haji Gharib akaingilia. "Mtu amekuja mpaka nyumbani kwako. Yaishe."

Rihab, aliyekuwa ameegemea mlango, alimwona baba yake akifikiri. Alijua moyo wake, mtu ambaye hakuwahi kumfukuza hata paka wa ngazini. Akajua atasema yaishe. Akajikuta anajiandaa kukasirika.

"Rihab," Bayumi akaita. "Lete kile kidogo. Na kompyuta."

Akavileta, akavichomeka. Bayumi akakichukua kinanda kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akainuka, akakiweka mapajani mwa Shalabi.

"Mimi sijui vya kompyuta," akasema kwa upole. "Nasikia vyote vimo humo kwenye vibonyezo vya mpira. Kabla hatujafuta, nataka nisikie mara moja. Bonyeza cha kwanza."

Shalabi akamtazama Haji Gharib. Haji Gharib akaitazama chai yake. Kidole cha Shalabi kikashuka.

"Mteremsheni," kikasema kinanda.

"Tena."

"Mteremsheni."

Kutoka chini, kwenye kichochoro, watoto wakaitikia. Ihsan alisimama na sinia, hakwenda mbele wala nyuma. Rihab alimtazama baba yake usoni, na hapo akaona kile alichokitafuta siku zote hizi, ule uhai wa zamani, akaona kimekuja na meno ambayo hakuyategemea. Alitaka kusema baba, basi.

"Sasa cha pili. Halafu cha kwanza. Halafu cha pili tena, upesi."

Jasho lilikuwa linamdondoka Shalabi juu ya vibao. Kidole chake, kile kinene chenye pete, kilikuwa kimeanza kumtetemeka, kikaukosa mpira, kikaurudia.

Bayumi akavuta kiti chake karibu, akaegemeza sikio kama alivyokuwa akifanya zamani akimfundisha mpiga tabla mgeni, akatikisa kichwa.

"Umechelewa mpigo mmoja, Shalabi," akasema. "Anza upya."